Sifuri ya mbele inapotea na 3/4 inageuka tarehe kwenye Excel

Mkuu, Excel yako haijaharibika. Seli mpya zote huja zikiwa na muundo wa General, na ukiingiza namba Excel inakisia yenyewe ni kitu gani. Ndiyo maana simu ya mteja wako wa dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, inapoteza sifuri ya mbele, na mzigo uliouandika 3/4 unageuka tarehe.

Dawa ni kuiwahi. Kabla hujaandika chochote, bofya herufi iliyo juu ya safu, bonyeza Ctrl+1, chagua Text. Kwa seli mojamoja, tanguliza alama ya ' tu; haitaonekana.

Zilizokwisha kuingia? Simu zinaokoka: Ctrl+1, Custom, andika sifuri kumi, basi. Tarehe ndiyo kero. Ukiipeleka Text inakutolea namba kama 45750, maana kwa ndani Excel inahesabu siku kuanzia 1 Januari 1900. Hizo andika upya tu.

Ila kama unaweka na namba za NIDA (kitambulisho cha taifa), kuwa makini kweli. Zina tarakimu 20, na Excel inashika 15 tu. Ukiziandika bila vistari kwenye seli ya General, tano za mwisho zinakuwa sifuri na hazirudi, hata ubadili nini.

Ukishapanga safu zako, hifadhi faili tupu kama Excel Template, kukikucha na mitumbwi ikianza kushusha dagaa unafungua hiyohiyo.