Pwani ya Tanga, kamera hufuata mwezi

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Ukiwa safarini, saa ipi inafaa kupiga picha za wanyama na mandhari?" Najua wengi watajibu alfajiri na jioni, jua likiwa chini. Kwetu Tanga hilo ni nusu ya jibu. Huku mpangaji wa ratiba ni bahari, na bahari humsikiliza mwezi.

Chukueni Kisiwa cha Maziwe, kule Pangani. Zamani kilikuwa na miti. Sasa ni fungu la mchanga mweupe, na maji yakijaa sana huzama lote. Ndiyo maana mayai ya kasa wanaotaga pale huhamishiwa ufukwe wa Ushongo. Sasa mgeni anatua na kamera ya mamilioni, siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, saa 10 jioni, eti anafuata mwanga mzuri. Ataambulia picha za maji. Bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yetu hupwa kwenye saa 4 au 5 asubuhi. Hapo ndipo fungu linapotoka, na kule Kigombe miamba hubaki nje, kina mama wakichokoa pweza. Waombeni ruhusa kabla ya kuwapiga picha. Wako kazini wale.

Kwa mzamiaji mambo hugeuka. Bamvua mkondo huwa mkali na tope hutibuka. Asubiri maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, kama tarehe 8 au 9, na tena 23 au 24, za mwezi wa Kiislamu. Siku hizo maji hujaa asubuhi, saa zilezile 4 au 5: mkondo umelegea, maji safi ya nje yameingia, jua linapanda. Na chini ya maji jua la utosini ndilo lenye faida, kwa sababu likiinama, mwanga mwingi hurudishwa na uso wa bahari. Msimu wa upepo wa kaskazi ni bora kuliko wa kusi.

Kuhusu rangi, watu hulaumu simu zao bure. Maji humeza nyekundu kwanza. Kwenye mita 10 samaki mwekundu huonekana wa kijivu. Dawa ni kuwasha taa na kumsogelea mpaka karibu umguse, lakini usimguse. Akikimbia, piga matumbawe, hayaendi popote. Silikanti, yule samaki wa kale, msiniulize. Hifadhi yetu ya bahari imebeba jina lake, ila anaishi kina asichofika mzamiaji wa kawaida. Waliomleta juu ni wavuvi na nyavu zao za jarife.

Tarehe zenyewe hazihitaji programu ya simu. Mwambie nahodha unataka kwenda kupiga picha, atakuuliza, "Leo mwezi ngapi?" Asipouliza, tafuta mwingine.

Milimani Usambara ni habari nyingine. Irente, kule Lushoto, asubuhi ukungu unaweza kukuficha bonde zima, kwa hiyo usipange kuondoka mapema. Vinyonga wa msitu wa Amani tafuta usiku: wakilala kwenye ncha za matawi hupauka, tochi ikawaona upesi kuliko macho yako mchana. Piga mbili tatu, zima tochi, na tawi usilivunje ili kumshusha.