Kabla Hujaingia Uwanjani: Maneno kwa Anayeanza Bihu

Kama umefika Assam, jimbo la kaskazini-mashariki mwa India, kusoma na umeshaambiwa ujiunge na kikundi cha Bihu, ngoma ya sikukuu ya huko ya mwezi wa nne, ngoja nikwambie kosa langu la mwaka wa kwanza. Mimi nimekulia kwenye chakacha. Niliposikia ngoma na kuona mabinti wanayumbisha viuno, nikajisemea, hii naijua. Nikaingia. Wimbo haujafika hata nusu, mwalimu akanisimamisha, akaniambia nacheza kama mtu anayekoroga uji.

Kiuno cha Bihu hakizungushwi. Kinayumba kushoto na kulia, na nguvu yake inatoka magotini. Kunja magoti kidogo, inamisha kiwiliwili mbele, weka mikono nyuma ya kiuno, viganja vitazame nje. Kaa hivyo dakika tano bila muziki, kisha uje uniambie kama ni ngoma nyepesi. Wiki mbili za mwanzo kupanda ngazi za bweni ni adhabu. Ajabu ni kwamba wenzangu wasiojua kucheza chochote walinitangulia. Wao hawakuwa na cha kusahau.

Kwa hiyo usianze na miguu. Kaa karibu na mpiga dhol, ile ngoma ya kupigwa, siku kadhaa, usikilize tu. Dhol ina nyuso mbili: mmoja hupigwa kwa fimbo, wa pili kwa kiganja. Mgeni husikia fimbo peke yake kwa kuwa ndiyo yenye kelele, halafu mwendo ukishika kasi anapotea. Mimi nilikaa sawa nilipoanza kukifuata kiganja. Pepa, ile pembe ya nyati-maji yenye ulimi wa kupulizia, itakukumbusha zumari la kwetu: sauti kali, inapasua. Gogona ni kijiti cha mwanzi unachokibana mdomoni na kukigusa kwa kidole. Wasichana wengi huanzia hapo, nawe anzia hapo. Xutuli ni filimbi ndogo ya udongo. Na hiyo x isikutishe. Wahindi wa majimbo mengine huhangaika nayo, lakini wewe uliyezoea kutamka "kheri" unayo tayari kooni.

Neno la kuchunga ni "dada". Huku dada ni kaka mkubwa. Nilimwita hivyo kiongozi wetu wa kike, ukumbi mzima ukaanguka kicheko. Yeye ni baideo, yaani dada mkubwa.

Kuhusu mavazi, usikimbilie kununua. Mekhela chador si sari. Ni vipande viwili, cha chini kama sketi iliyoshonwa duara na cha juu cha kujitanda, kwa hiyo aliyezoea doti ya kanga haraka ataelewa mantiki yake. Ya Bihu ni ya rangi ya dhahabu yenye nakshi nyekundu, na iliyo halisi ni ya muga, hariri ya Assam ambayo dhahabu yake haipakwi rangi, inatoka kwa mdudu mwenyewe. Bei yake ni ya kuuza ng'ombe. Fanya mazoezi kwa ya pamba, ya onyesho azima. Siku ukiwa na fedha, nenda Sualkuchi, kijiji cha wafumaji kando ya mto Brahmaputra, uone kitambaa kinavyofumwa kabla hujaanza kubishana bei. Kwenye kisogo unachomeka kopou, okidi yenye shada refu la zambarau hafifu. Ifunge kwa pini nyingi kuliko unavyodhani inafaa. Aprili ni msimu wa dhoruba za Bordoisila, upepo ambao wenyeji husema ni mwanamke anayekimbilia kwao kusherehekea Bihu, na kweli anapita kama mtu aliyechelewa basi.

Sikukuu za Bihu ziko tatu, ya Aprili, ya Oktoba na ya Januari, ila ngoma hii ni ya Aprili, iitwayo Rongali, mwaka mpya wa Assam unapoanza. Jukwaani utaiona imenyooshwa. Mwaka 2023 pale Guwahati, jiji kubwa la Assam, walicheza watu zaidi ya 11,000 kwa pamoja ili kuvunja rekodi. Inapendeza, lakini mimi nakushauri uifuate husori, kikundi kinachopita nyumba kwa nyumba kikiimba na kubariki wenyeji. Kijadi ilikuwa ya wanaume, siku hizi vikundi vingi vinachukua wasichana. Uani hakuna mstari ulionyooka, na bibi mwenye nyumba anaweza kuingia katikati akakuonyesha magoti yanavyokunjwa.

Mkimaliza mtaletewa gamosa, kitambaa cheupe chenye pindo jekundu, pamoja na tamul na paan. Pokea kwa mikono miwili. Nilipoona ni tambuu na popoo nikatafuna kipande kizima kwa maringo ya mtu wa pwani. Ile popoo mbichi ya Assam si ile kavu ya kwa bibi yangu. Masikio yakawaka, jasho likanitiririka, nikaketi barazani kwa watu huku dhol ya wenzangu ikihamia nyumba ya tatu.