Mbwa na makombo ya pilau ya sikukuu
Je, mbwa anaweza kupewa makombo ya pilau ya sikukuu? Hapana, usimpe, hata ukichambua vitunguu vyote unavyoviona. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na kuvipika hakuondoi sumu hiyo. Imeshaingia kwenye supu na wali. Dalili huchelewa siku kadhaa (ufizi kupauka, kulegea, mkojo wa kahawia), kwa hiyo wengi hawakumbuki kuihusisha na pilau. Akila mengi, mpigie daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Paka hudhurika hata kwa kiasi kidogo cha vitunguu kuliko kile kinachomdhuru mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo hapana, huvunjika vipande vyenye ncha. Mchemshie nyama yake kando, bila chumvi wala viungo.