Barua kwa mwanangu: kila nafasi ina mwenyewe?

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza: "Mama, kuna haja gani ya kujiandaa na usaili wakati kila nafasi ina mwenyewe?" Umeitwa Dar, umeitwa Dodoma, kote hujachukuliwa, na najua swali hilo limetoka kwenye maumivu. Nakujibu kama mzazi, lakini pia kama mtu ambaye kazi yake hapa Tanga ni kuajiri.

Nafasi zenye wenyewe zipo, sitakuficha. Ila nyingi nilizokaa mezani kuzijaza hazikuwa na mtu. Kila msaili ana karatasi yake ya alama, na kila mmoja anaomba Mungu anayeingia mlangoni awe ndiye. Kisha wanaingia watu kumi na jibu moja: "Mimi ni mchapakazi, najituma, naweza kufanya kazi bila kusimamiwa." Hapo nampa alama za nini? Sijaona kazi yoyote aliyoifanya.

Tuliwahi kutafuta mtunza stoo. Tukauliza: ukikuta mzigo uliopo haulingani na leja, utafanyaje? Karibu wote walisema watatoa taarifa kwa msimamizi. Akaingia binti mmoja wa Muheza, vyeti vyake vya kawaida tu. Akasema yalimkuta fildi, kwenye ghala la mbolea: leja inasoma mifuko 240, ghalani ipo 236. Akahesabu upya safu kwa safu. Akatoa hati zote za kutolea mali za wiki ile, akazipitia moja moja na leja, akakuta hati ya mifuko minne iliyotoka jioni, imesainiwa lakini haikuingizwa. Ndipo akaandika taarifa na kuambatisha nakala. Mwenzetu wa uhasibu akamuuliza, "Nani alisaini?" Akajibu papo hapo, mazungumzo yakageuka ya watu wa kazi. Hakuwa na mjomba pale. Kazi aliipata.

Sasa wewe. Ulipokuwa fildi bandarini ulitusimulia hapa sebuleni jinsi kontena lilivyokwama kwa sababu uzito wa kwenye hati haukulingana na wa mzani, na wewe ndiye uliyempigia wakala simu mpaka hati ikarekebishwa. Kwenye CV yako umeandika nini? "Nilishiriki shughuli mbalimbali za ugavi." Mwanangu! Umeifukia kazi yako mwenyewe. Andika kontena. Wakisema "jieleze", usianze na shule ya msingi. Sema umesomea ugavi, umefanya hivi bandarini, na unaitaka kazi hii kwa sababu hii. Dakika mbili zinatosha.

Usaili wa Sekretarieti ya Ajira, wanaoajiri kwa niaba ya serikali, ni habari nyingine, kwa sababu mara nyingi unaanza na mchujo wa kuandika, na pale hakuna anayeuona uso wako. Soma Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na uujue mfumo wa NeST, ule wa ununuzi wa umma kwa mtandao. Ukijibu kwa sheria ya 2011 na TANePS, mfumo uliotangulia, anayesahihisha ataona umekariri madaftari ya zamani. Beba vyeti halisi. Hati za matokeo hawapokei. Na lile jina lako la cheti cha kidato cha nne lisilofanana na la kitambulisho cha taifa cha NIDA, lishughulikie kisheria sasa hivi, usingoje mpaka siku ya usaili urudishwe mlangoni. Hilo linaniumiza kuliko yote, kuona mtu anakosa kwa herufi moja.

Ukiulizwa usilolijua, sema hulijui, kisha eleza ungelitafuta wapi. Mshahara utaje, "chochote mtakachonipa" inatufanya tudhani hujui bei ya kazi yako, kwa hiyo waulize wenzako walioajiriwa wanalipwaje. Wakikuuliza unaolewa lini au una mimba, jua kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa namna hiyo hata kwa mwombaji. Usigombane nao. Waambie ratiba ya kazi unaimudu, urudi kwenye kazi.

Na mtu yeyote atakayekuambia ana nafasi Chongoleani kwenye bomba la mafuta, utume tu "hela ya fomu", mkatie simu. Mwajiri wa kweli hamuuzii mtu kazi. Mimi nikiletewa jina kwa njia hiyo naliweka pembeni.

Nitumie CV mpya kabla ya Jumapili. Baada ya adhuhuri nitakupigia nikusaili kama nisiyekujua, na baba yako atakaa pembeni ajaze alama. Msalimie shangazi yako.

Mama yako,
Chumbageni, Tanga