Swali la lugha: Je, usiku wa Yalda ni wa kipupwe?

SWALI: Natafsiri makala kuhusu Yalda, sherehe ya kale ya Wairani inayofanyika usiku mmoja wa Desemba. Siku hiyo, yenye usiku mrefu kuliko zote katika mwaka, niliiita "solistasi ya kipupwe". Mhariri wangu amefuta, akaweka "siku jua linaposimama wakati wa baridi". Nani kati yetu yuko sahihi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Mhariri amefanya vyema kukiondoa kipupwe, ila alichokiweka mahali pake nacho kina taabu yake.

Kipupwe ni majira yetu: Juni hadi Agosti, kusi likivuma, watu wakijitanda kanga mabegani asubuhi. Yalda huangukia usiku wa tarehe 20 au 21 Desemba, wakati sisi huku pwani tumo kwenye joto la kaskazi. Najua wapo waandishi wanaoita kipupwe baridi ya popote duniani. Mimi siungi mkono, kwani msomaji wa Tanga atahisi upepo mwanana wa Julai, na theluji ya milima ya Iran haitamjia kabisa. Andika "majira ya baridi". Tena utasalimika hata ukihamia Cusco, Peru, ambako Inti Raymi, sikukuu ya jua yenye asili ya Wainka, huadhimishwa tarehe 24 Juni. Huko kusini mwa ikweta, Juni ndiyo baridi.

Sasa "jua linaposimama". Ni kweli kwamba neno la asili la Kilatini lina maana hiyo, lakini kwetu jua likisimama ni saa sita mchana, jua la utosi. Yanayotokea Desemba ni mengine. Ukitazama mawio kila siku kutoka mahali pamoja, utaona jua linachomoza kusini zaidi na zaidi, mpaka siku chache ambazo halionekani kusogea, kisha linaanza kurudi kaskazini. Siku ya ukomo huo, adhuhuri, liko wima juu ya Tropiki ya Kaprikoni, mstari wa kwenye ramani ulio kusini mwa ikweta. Kwa hiyo andika "solistasi ya Desemba", na mara ya kwanza ulifafanue: siku ambayo jua hufika ukomo wake wa kusini. Jina la mwezi halimpotoshi mtu, awe Tehran au Tanga.

Ufafanuzi huo usiuruke. Tanga tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka haifiki saa moja, wala hatuisikii. Tehran, iliyo mbali kaskazini mwa ikweta, usiku huo huzidi saa 14, na hapo ndipo msomaji wako ataelewa kwa nini familia hukusanyika kwa wazee kuusubiri mwanga.

Jambo moja hukuliuliza, nami naliongeza. Usiandike "mkesha wa Yalda". Siku hizi mkesha wa sikukuu ni usiku unaoitangulia, kama mkesha wa Krismasi, ilhali Yalda ni usiku wenyewe. Kitenzi "kukesha" ndicho kinachofaa, tena kinafaa sana. Wala "usiku mrefu zaidi" hautoshi, maana msomaji atauliza zaidi ya upi. Ningeandika hivi: "Wairani hukesha usiku wa Yalda, ulio mrefu kuliko usiku mwingine wowote katika mwaka, wakila makomamanga na matikiti maji na kusomeana mashairi ya Hafez."