Mshale wa joto unaruka hadi H ghafla: anza na plagi ya sensa

Mkuu uliyeuliza kutoka Lindi kuhusu Toyota Noah, mshale unaruka hadi H (moto) kisha unarudi, feni haizimi na fundi anataka kung'oa temostati (vali inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto): mwambie asubiri. Akiing'oa injini itachelewa kupata joto, itakunywa mafuta, na mshale utaruka vilevile.

Joto la kweli hupanda taratibu. Ukiwa na mzigo kwenye mlima wa kwenda Newala, mshale unauona unavyojikongoja. Ukiruka kufumba na kufumbua, shuku umeme, hasa sensa inayopima joto la maji ya injini na plagi yake, yaani kichwa cha waya kinachochomekwa kwenye sensa. Ila angalia maji kwanza, injini ikiwa imepoa kabisa, maana kifuniko cha rejeta ya moto kitakubabua. Na maji yakipungua, sensa inabaki kwenye mvuke na kusoma ovyo. Kipimo ninachokiamini ni cha asubuhi: washa swichi bila kupiga stata. Mshale ukipanda na injini ni ya baridi, unadanganywa.

Mimi nipo Mikindani, na huku mchawi ni chumvi. Upepo wa bahari peke yake unatosha, achilia mbali wanaoshusha gari mchangani Msimbati kisha wanapiga injini maji ya presha. Chomoa waya wa hasi kwenye betri kwanza, kwani gari nyingine feni huwaka hata swichi ikiwa imezimwa. Bonyeza klipu ya plagi ya sensa, shika plagi yenyewe, usivute waya. Ukiona unga wa kijani kwenye pini, umempata.

Sensa hizi zikipata joto, ukinzani (jinsi zinavyozuia umeme kupita) hushuka. Unyevu wa chumvi ukiunganisha pini mbili, kompyuta ya gari inaona ukinzani mdogo, inadhani injini inachemka, inawasha feni. Kutu hufanya kinyume: ukinzani unapanda, kompyuta inadhani injini ni ya baridi, feni inachelewa. Hiyo ya pili ndiyo ninayoiogopa, kwa sababu iko kimya.

Safisha kwa spray ya konekta (ya kusafishia plagi za umeme) na mswaki laini, acha ikauke. Petroli hapana, inaharibu mpira na mvuke wake unashika moto. Msasa nao hapana: unakwangua utando wa juu wa pini, chumvi inabaki na shaba tupu. Malizia na grisi ya silikoni kidogo kwenye mpira wa plagi. Kama mpira umepasuka, kutu itarudi tu.

Halafu pima ukinzani wa sensa kwa mita ya umeme. Sensa nyingi za Toyota za pini mbili husoma ohm 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Kwa joto letu la pwani ikisoma chini kidogo ya 2,000 usishtuke. Fungua sensa, chovya ncha yake kwenye sufuria ya maji ya moto, pini zisilowe. Namba zishuke mfululizo. Zikirukaruka, nunua nyingine, ndani hapasafishiki.

Ukishapima tupia namba hapa, pamoja na picha ya pini.