Nataka kusomea tiba ya ndoa: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo Bi Mshauri. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Malindi, umri wangu miaka 41, na nina shahada ya kwanza ya ualimu. Kwa muda mrefu wenzangu, majirani, hata wazazi wa wanafunzi hunijia na mambo ya ndoa zao. Wanasema nina sikio, na likiingia kwangu halitoki. Nimeanza kufikiria kuweka chaki chini nikasomee uzamili, niwe mtaalamu wa tiba ya mahusiano. Dada yangu hataki kusikia. Aniambia wanawake wa Pwani walikuwa na makungwi na masomo wao wa kuwafunda mambo ya ndoa, wala hawakuhitaji cheti cha Nairobi. Tena mimi mwenyewe niliachika miaka sita iliyopita. Je, nina uso wa kuketi mbele ya mume na mke? Na masomo yenyewe yakoje?
Mwalimu, Malindi

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na dada yako, kwa sababu alilolisema si la kupuuzwa. Mimi nimelelewa Mji wa Kale, Mombasa, na nilikuwa na somo wangu. Mengi aliyonifunda ningali nayo. Lakini somo alikuwa wa mwari. Akimpenda mwari, akimtetea mwari, na mume naye alikuwa na wazee wake. Hata Qur'ani, katika Sura An-Nisaa aya ya 35, pakihofiwa mfarakano kati ya wawili inataka mwamuzi mmoja kutoka jamaa za mume na mwingine kutoka jamaa za mke. Wawili, mwanangu, kila mmoja na upande wake. Mtaalamu wa tiba ya ndoa yuko peke yake chumbani, mume huku, mke huku, na wote wawili ni wake. Hapo ndipo penye kazi, na kwa hilo peke yake watu huenda darasani.

Mimi nilianza kama wewe. Nilikuwa katika kikundi cha akina mama, nikisikiliza watu kwa moyo mmoja bila mafunzo yoyote. Alinijia mke mmoja Alhamisi tatu mfululizo, akilia. Nikamwamini kila neno, nikamwambia, "Ondoka, usikae unaumia." Akaondoka. Miezi kadhaa baadaye nilikutana na mumewe soko la Kongowea, amebeba mfuko wa viazi. Akanisalimu kwa adabu, kisha akasema, "Mama, wewe ulinihukumu na hata salamu hatujawahi kupeana." Sikuwa na jibu. Huenda mke yule alikuwa na haki ya kuondoka, sijui mpaka leo, na kwamba sijui ndilo linaloniuma. Mwaka uliofuata nilijaza fomu za chuo.

Sasa masomo. Hapa Kenya tuna Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, iliyounda bodi ya kusajili watu wa kazi hii. Kwa hiyo kabla hujalipa karo popote, uliza mambo mawili: je, kozi yenyewe imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na je, ukihitimu bodi itakusajili? Omba jibu kwa maandishi. Nimeona wanawake wenye nia njema waliouza dhahabu zao kulipia kozi za wiki kadhaa, wakapewa cheti chenye mhuri mkubwa kisichowafikisha kokote.

Kozi zenyewe ni za namna mbili. Kuna uzamili wa saikolojia ya ushauri, kama ule wa Daystar, ambao ndoa ni sehemu tu ya unayosoma. Na kuna uzamili wa tiba ya ndoa na familia hasa, kama ule wa Chuo Kikuu cha Pan Africa Christian kule Roysambu, Nairobi. Aghalabu ni miaka miwili, na wengi huipitisha miaka hiyo kwa sababu ya tasnifu. Shahada yako ya ualimu isikutishe, ila kila chuo kina masharti yake, na huenda ukatakiwa kusoma kwanza masomo machache ya msingi ya saikolojia.

Darasani utakutana na watu kama Murray Bowen, daktari wa akili wa Marekani. Mwaka 1954, huko Bethesda, Maryland, alianza kulaza wodini wagonjwa wa skizofrenia, maradhi makali ya akili, pamoja na mama zao, na baadaye familia nzima, ili aone wanavyoishi. Kwake tumepata habari ya pembetatu: wawili wakishindwa kuvumiliana humvuta wa tatu akae katikati, akawa ndiye anayebeba joto lao. Mtoto huvutwa, mama mkwe huvutwa. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka yule mke wa Alhamisi. Aliyevutwa alikuwa mimi.

Bowen ndiye pia mwenye asili ya ramani ya ukoo, jenogramu kama inavyoitwa darasani. Unachora vizazi vitatu vya kwenu kwa penseli: mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke, mstari ni ndoa, na mikato miwili juu ya mstari ni talaka. Nilichora yangu mezani kwangu usiku, watoto wamelala. Bibi yangu mikato miwili, tena miwili, tena miwili. Khalati zangu wawili vivyo hivyo. Nikakaa nikaitazama karatasi ile. Wanawake wote walionilea, ndoa ikiwaelemea, neno lao lilikuwa moja: ondoka. Sisemi walikosea, kila mmoja alikuwa na sababu zake na wengine walijiokoa. Lakini neno nililompa yule mke lilikuwa la bibi yangu, nalo lilinitoka kabla sijamsikiliza mumewe.

Hapa ndipo linapoingia swali lako la kuachika. Una uso, mdogo wangu. Katika darasa letu walikuwamo wajane, walioachika, na mmoja hajawahi kuolewa. Hakuna aliyeulizwa cheti cha ndoa. Utakachoulizwa ni kama unajua talaka yako inakaa wapi ndani yako. Mume akiketi mbele yako na sauti yake ikafanana na ya yule wa kwako, je, utamsikia yeye au utamsikia wa kwako? Kwa hiyo nakusihi, kabla ya muhula wa kwanza, tafuta mshauri nasaha wako mwenyewe umalize naye la miaka sita. Vyuo vingi vitakutaka ufanye hivyo hata hivyo, na ni bora uingie umeshaanza.

Kisha yapo mafunzo kwa vitendo, nayo ndiyo yaliyonifinyanga. Unaonana na wanandoa wa kweli, unarekodi kwa idhini yao, na msimamizi wako anasikiliza. Wangu alikuwa mzee mpole asiyeinua sauti. Tulisikiliza kikao changu cha nne na yeye anachora vijiti kwenye daftari. Mwishoni akanigeuzia daftari: maswali kumi na manne kwa mke, matatu kwa mume. Akaniuliza, "Kiti chako ulikiweka wapi?" Nilikuwa nimekiweka karibu na mke, kiasi cha kuweza kumshika mkono. Sikujua. Wiki iliyofuata nilifika mapema nikapima kwa hatua, hatua tatu kila upande. Salvador Minuchin, Muargentina aliyefanya kazi yake kubwa Philadelphia, alikuwa akiwahamisha watu viti katikati ya kikao ili familia ijione ilivyokaa. Mpaka leo jambo la kwanza ninalofanya ofisini asubuhi ni kutazama viti.

Na utajifunza kusikia yasiyosemwa. Mtafiti John Gottman wa Seattle alitumia miaka mingi kurekodi wanandoa wakibishana, na akaona kwamba ugomvi wenyewe si ishara mbaya kuliko zote. Dharau ndiyo mbaya. Wazungu wake walikuwa wakizungusha macho. Hapa kwetu sikiliza msonyo. Mume anaeleza jambo kwa dakika mbili, mke anasonya mara moja, fyuu, na ukimtazama mume utaona mabega yameshuka. Au mume anamjibu mkewe kwa kumtazama mshauri: "Si umemsikia mwenyewe?" Dakika hiyo ina mengi kuliko hadithi nzima waliyokuja nayo, na ukiwa na haraka ya kutoa nasaha itakupita.

Jambo moja silisemi kwa upole. Sikio ulilonalo ni zuri, lakini lisikudanganye kwamba kila wawili huketishwa pamoja. Palipo na kipigo au hofu, anayepigwa akisema mbele ya mpigaji huenda akalipia usiku nyumbani. Mwenye mafunzo humwona kila mmoja peke yake kwanza na kuuliza waziwazi: unamwogopa? Amewahi kukuinulia mkono? Kenya ina sheria ya kinga dhidi ya ukatili wa nyumbani tangu 2015, na mwanafunzi wa kazi hii aijue. Wahenga walisema wagombanapo ndugu chukua jembe ukalime. Mume mwenye rungu na mke mwenye jeraha si ndugu wagombanao.

Kuhusu kuacha chaki, usiache bado. HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, hutoa mikopo ya uzamili, na kozi nyingi hufundishwa jioni, wikendi au likizo za shule, kwa sababu wanafunzi wengi ni watu wa kazi kama wewe. Lakini mafunzo kwa vitendo yatakutaka wiki hadi wiki, kwa hiyo zungumza mapema na mkuu wako wa shule. Na hao majirani wanaokujia sasa, endelea kuwasikiliza. Ila akija mmoja, muulize, "Mwenzako angekuwa hapa, angenieleza nini?"

SWALI: Dada Mshauri, salamu kutoka Tanga. Mimi ni mjumbe wa baraza la usuluhishi wa ndoa kwa miaka kadhaa sasa. Tunasikiliza, tunashauri, wengine wanapatana na wengine tunawaandikia hati waende mahakamani. Je, kusomea tiba ya ndoa kutanisaidia, au ni kitu kile kile?
Mjumbe, Tanga

JIBU: Kaka yangu, si kitu kile kile, ingawa kazi yako naiheshimu sana. Baraza lenu limewekwa na Sheria ya Ndoa ya 1971: mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, mtu hawezi kufungua shauri la talaka mpaka shauri lipite kwenu nanyi mthibitishe kwamba mmeshindwa kuwapatanisha. Kwa hiyo anayekuja mbele yenu mara nyingi ameshafunga mizigo, anataka hati. Kwangu wengi huja bado hawajui wanataka nini, na kikao kimoja hakitoshi, hata kumi huenda visitoshe. Mimi simwandikii mtu hati, wala sisemi nani ana makosa.

Ukitaka kusoma ukiwa Tanzania, Muhimbili wana uzamili wa saikolojia tiba, ambao ni mpana kuliko ndoa. Lakini hata kabla ya chuo kuna jambo baraza lenu linaweza kulianza kikao kijacho. Wajumbe watano wakiketi safu moja mbele ya mke mmoja na mume mmoja, hapo ni mahakama, na watu husema ya mahakamani. Toeni meza. Ketini duara. Na kabla ya duara, mjumbe mwanamke azungumze na mke peke yake, mjumbe mwanamume azungumze na mume peke yake, mlango umefungwa, simu nje.